Wawili Katika Kinu Kimoja



Juma hili nataka nikueleze habari za kazi moja ambayo labda hujapata kusikia kwamba ni kazi. Wako watu duniani ambao chakula chao, kodi ya nyumba zao na ada za watoto wao vyatoka katika mchezo wa tenisi. Na kati ya hao wako wachache ambao hawachezi peke yao. Wao ni wachezaji wa wawili wawili. Mmoja akiingia kiwanjani, sharti mwenzake awe ubavuni. Wakishinda, wameshinda wote. Wakishindwa, hakuna wa kusema, "Mimi nilishinda, mwenzangu ndiye aliyeshindwa."

Najua utaniambia: "Karani, tenisi yatuhusu nini sisi watu wa mashamba? Ule ni mchezo wa mabwana wenye kaptura nyeupe." Sikukatalii. Hapa kwetu Kimara watoto hucheza mpira wa miguu kila penye kipande cha ardhi kilichosalia kati ya nyumba na nyumba, lakini kiwanja cha tenisi hawakioni. Mjini Dar es Salaam mchezo huu ulikaa miaka mingi katika klabu za wakubwa, na mtoto wa mtu wa kawaida aliyefika huko alikwenda kuokota mipira. Hata mimi, nilipokuwa chuo cha ualimu, tulifundishwa kuchora kiwanja cha mpira wa miguu, cha wavu na cha pete. Cha tenisi hatukukichora hata siku moja.

Lakini nivumilie kidogo. Ninayo habari ya binti mmoja wa jirani zetu wa Kenya, na ndani yake limo neno kwa kila mzazi, na hasa kwa mzazi mwenye mtoto ambaye si wa kwanza darasani.

MCHEZO WENYEWE

Kwanza tuujue mchezo. Kiwanja cha tenisi kina urefu wa mita 23.77. Katikati umefungwa wavu unaofika karibu na kiuno cha mtu mzima. Pale katikati yake una kimo cha sentimita 91. Wakicheza mmoja kwa mmoja, upana wa kiwanja ni mita 8.23. Wakicheza wawili kwa wawili, huongezwa ukanda mmoja kila upande, na upana wafika mita 10.97.

Sasa chukua kalamu upige hesabu. Watu wameongezeka mara mbili, lakini kiwanja kimeongezeka theluthi moja tu. Yaani kila mmoja ana nafasi ndogo kuliko angalikuwa peke yake. Ni kama basi la asubuhi pale Kimara Mwisho: watu waongezeka, basi halirefuki. Wasipopatana watagongana.

Msomaji wa kijijini hahitaji kueleweshwa sana jambo hili. Umewaona akina mama wawili wakitwanga katika kinu kimoja. Mchi wa huyu unapopanda, wa yule unashuka. Hakuna anayepiga filimbi wala anayehesabu, lakini michi haigongani, na kazi ya saa moja yaisha kwa nusu saa. Mmoja akiwa na hasira siku hiyo, au akitaka watu waone nguvu zake, mara michi yagongana na unga wamwagika. Basi tenisi ya wawili wawili ndiyo hiyo hiyo, isipokuwa ng'ambo ya wavu wako wawili wengine wanaoomba ninyi mgongane.

Wachezaji hawa wana lugha yao ya siri. Yule anayesimama karibu na wavu huuweka mkono wake nyuma ya mgongo, na kwa vidole humwambia mwenzake ampelekee adui mpira upande gani, na kama yeye mwenyewe atahama au atabaki. Mwenzake aliye nyuma husoma vidole vile, akaitikia, ndipo akaanzisha mpira. Yote hayo ni kwa nukta chache, na hurudiwa tena na tena mpaka mchezo umekwisha.

Mpira wa hatari kuliko yote kwao si ule unaokwenda pembeni. Ni ule unaopita katikati yao. Kila mmoja aweza kuufikia, na kwa hiyo kila mmoja humwachia mwenzake. Ni kama ng'ombe aliyeingia katika shamba la jirani, kwa kuwa Petro alidhani Yosefu anamchunga, na Yosefu alidhani Petro yupo. Wachezaji wenye akili hupatana mapema: mpira wa katikati ni wa nani. Naye akiukosa, wa pili hamwulizi mbele za watu.

BINTI WA NAIROBI

Sasa tumwendee binti wetu. Jina lake ni Angella Okutoyi. Alizaliwa Januari 2004 pamoja na pacha wake, Roselida. Mama yao alifariki katika uzazi huo. Watoto wawili wachanga wakabaki mikononi mwa bibi yao. Naye bibi huyo hakuwa mtu wa mali. Alikuwa mfanyakazi wa usafi katika shule ya Loreto Convent, Valley Road, mjini Nairobi. Kwa mshahara wa ufagio na ndoo akawalea wajukuu wote wawili.

Mimi kazi yangu ni kuandika vitabu vya parokia, nami nayajua mambo haya kwa njia ya wino. Mara nyingi anayemleta mtoto ofisini, akaketi kwenye benchi na kungoja zamu yake, ni bibi. Ukimwuliza jina la mama wa mtoto, hutaja jina, kisha hunyamaza kidogo, nawe waelewa. Tumezoea kusema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Neno hilo ni la kweli, lakini wako mabibi wengi ambao mkono wao umebaki mmoja, nao wamelea.

Watoto wale pacha wakashika raketi wangali wadogo sana, nao wote wawili wakawa wachezaji. Angella akasonga mbele. Mwaka 2021 akawa bingwa wa vijana wa Afrika katika mashindano yaliyofanyika Sousse, nchini Tunisia. Januari 2022 akaenda Australia. Yako mashindano manne yaliyo makuu kupita yote katika tenisi: ya Australia, ya Ufaransa, ya Wimbledon kule London, na ya Marekani, na kila moja lina sehemu ya vijana wasiozidi miaka 18. Huko Australia Angella akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mchezo katika mashindano makuu ya vijana.

Ikaja Julai 2022, Wimbledon, penye viwanja vya majani. Katika mchezo wa wawili wawili wa wasichana, Angella alisimama pamoja na Mholanzi aitwaye Rose Marie Nijkamp. Tazama wawili hao: mmoja kutoka Afrika, mwingine wa Uholanzi, kila mmoja na lugha ya mama yake, na nyuma yao wavu wa uzio na mbele yao wavu wa mchezo. Wakashinda mmoja baada ya mwingine mpaka wakafika fainali. Huko wakakutana na Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko.

Seti ya kwanza Angella na mwenzake walishindwa, 3 kwa 6. Ya pili wakashinda, 6 kwa 4. Ikabaki ile ya kuamua. Katika mchezo wa wawili wawili seti ya tatu mara nyingi haichezwi yote. Huchezwa pointi, na wa kwanza kufika 10 ndiye mshindi, lakini sharti awapite wenzake kwa pointi mbili. Angella na Rose Marie walishinda 11 kwa 9.

Ukiitazama hesabu hiyo vema, utaona kwamba lazima walifika mahali pa 9 kwa 9. Yaani baada ya kuvuka bahari, baada ya siku zote zile na seti mbili zote, walikuwa sawasawa na maadui wao, na kila kosa lingaliweza kuwa la mwisho. Sikuwapo, wala sitakuambia walisemezana nini. Lakini najua jambo moja: mtu aliyeshindwa seti ya kwanza, kisha akamnunia mwenzake, hafiki 9 kwa 9. Hufika nyumbani mapema.

Siku ile Angella akawa Mkenya wa kwanza kutwaa ubingwa katika mashindano hayo makuu, ya vijana au ya wakubwa. Habari zikaenea Kenya nzima. Nami nilipozisoma nilimfikiri bibi. Jina lake halikuandikwa kwenye kikombe, lakini yeye alicheza wawili wawili miaka 18 kabla ya Wimbledon, na mwenzake wa kwanza alimwacha siku ya kwanza.

WALIOSHINDWA SIKU ILE

Usidhani habari imekwisha. Tuwatazame na walioshindwa.

Yule Victoria Mboko ni mtoto wa wazazi waliotoka Kongo, hii Kongo ya jirani zetu ng'ambo ya Tanganyika, wakahamia ughaibuni. Siku ile ya Julai 2022 alikuwa na miaka 15, naye aliondoka kiwanjani ameshindwa kwa pointi mbili. Basi Agosti 2025, akiwa na miaka 18, alishinda mashindano makubwa ya Kanada mjini Montreal, katika mchezo wa mmoja mmoja wa wanawake wakubwa. Na katika fainali alimshinda Naomi Osaka, ambaye alipata kuwa wa kwanza duniani.

Na Angella? Yeye alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama, Marekani, akiichezea timu ya chuo. Machi 2024, katika Michezo ya Afrika mjini Accra, Ghana, alitwaa medali ya dhahabu ya tenisi ya wanawake, mmoja mmoja. Kwa hiyo wote walioingia kiwanjani siku ile walibaki na kazi ya kufanya kesho yake. Aliyeshinda hakumaliza safari, na aliyeshindwa hakufa. Wazazi wanaompiga mtoto kwa sababu amekuwa wa pili katika mtihani, na waikumbuke hesabu hii ya 11 kwa 9.

MTU ALIYERUDI SEOUL

Angella si wa kwanza wa Afrika Mashariki katika njia hii. Yupo Mkenya mwingine, Paul Wekesa, aliyezaliwa mwaka 1967. Yeye aliifanya tenisi kuwa kazi yake kabisa. Mwaka 1988 aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul, Korea Kusini. Hakurudi na medali. Mwaka uliofuata, 1989, alirudi katika mji ule ule wa Seoul, safari hii akiwa na mwenzake Mmarekani aitwaye Scott Davis, na wawili hao wakatwaa ubingwa wa wawili wawili katika mashindano ya wachezaji wa kulipwa. Katika maisha yake ya uchezaji Wekesa alishinda mataji matatu ya namna hiyo, yote ya wawili wawili.

Peke yake pia alikuwa hodari. Mwaka 1995 alifika nafasi ya 100 duniani. Fikiri juu ya namba hiyo. Ukiwa wa mia moja katika dunia nzima, hakika wewe ni fundi. Lakini kikombe akinywea yule wa kwanza. Alipoungana na mtu wa pili ndipo vikombe vilipokuja. Wako watu wengi wa namna hiyo mashambani kwetu. Peke yake hafiki. Mtie pamoja na mwenziwe anayefaa, utashangaa.

MKATE WA KAZI HII

Sitaki kukudanganya kwa kukupambia kazi hii. Mkate wake ni mdogo kuliko wa wanaocheza peke yao. Chukua mashindano ya Australia ya Januari 2024. Bingwa wa mmoja mmoja wa wanaume alipewa dola za Australia 3,150,000. Mabingwa wa wawili wawili walipewa 730,000, tena za kugawana. Yaani kila mmoja 365,000. Wa kwanza alipata zaidi ya mara nane ya kila mmoja wa hawa. Na katika fedha hizo mchezaji hulipa ndege, vyumba, mwalimu na kodi za serikali. Hayo ni malipo ya mabingwa. Wanaotolewa siku ya kwanza kila juma hurudi na kidogo sana.

Mmoja wa mabingwa wale wa mwaka 2024 alikuwa Mhindi aitwaye Rohan Bopanna, na habari zake zawafaa wasomaji wetu wa Bukoba na wa Kilimanjaro, maana baba yake ni mkulima wa kahawa katika milima ya Coorg, kusini ya India. Bopanna alicheza wawili wawili miaka mingi, leo na huyu, kesho na yule. Ulifika wakati alikaa miezi mitano bila kushinda mchezo hata mmoja. Magoti yake yalikuwa yamechakaa. Akamwandalia mkewe ujumbe wa kumwambia kwamba sasa anaacha. Hakuacha. Januari 2024, akiwa na miaka 43, pamoja na Mwaustralia Matthew Ebden, wakawashinda Waitalia wawili katika fainali. Na katika majuma hayo akawa mtu mzee kuliko wote waliopata kuwa wa kwanza duniani katika wawili wawili. Aliuaga mchezo Novemba 2025, akiwa na miaka 45.

Jambo jingine la Bopanna halipaswi kusahauliwa. Kwa miaka kadhaa mwenzake alikuwa Aisam-ul-Haq Qureshi wa Pakistani. Nchi zao mbili zimepigana vita zaidi ya mara moja tangu mwaka 1947. Lakini mwaka 2010 vijana hao wawili walifika fainali ya mashindano makuu ya Marekani wakisimama upande mmoja wa wavu, wakiwaombea watu wao waache vita. Walishindwa siku hiyo. Hata hivyo watu wa nchi zote mbili waliketi pamoja kuwashangilia. Wachungaji wa ng'ombe na wakulima wanaogombana juu ya mipaka huku kwetu, na wasikie.

MAPACHA WA MAREKANI

Waliowashinda mwaka ule walikuwa Bob na Mike Bryan, ndugu pacha, Wamarekani. Hao ndio mfano mkubwa wa kazi hii. Bob alipiga kwa mkono wa kushoto, Mike kwa wa kulia. Walishinda pamoja mataji 119, na kati yake 16 ni ya yale mashindano makuu manne. Mwaka 2012 walitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini London. Waliacha kucheza Agosti 2020.

Mwaka 2018 Bob aliumia nyonga. Daktari akampasua, naye akakaa nje. Mike akaingia kiwanjani na mtu mwingine, Jack Sock, nao wakashinda Wimbledon na mashindano ya Marekani mwaka huo huo. Hapo, msomaji, wivu ungaliweza kupata chumba nyumbani mwao. Ndugu yako yu kitandani. Wewe wapanda juu na mtu baki. Lakini Bob alipopona, mwanzoni mwa mwaka 2019, Mike hakusema, "Nimeona wengine wafaao zaidi." Alirudi kwa nduguye, na mwaka ule ule wakashinda tena pamoja, hata mjini Miami.

Nimeona hapa mjini ndugu waliofungua duka pamoja wakitengana kwa sababu ya ugonjwa wa mmoja. Aliyebaki dukani hupata faida nzuri miezi sita, akaanza kupiga hesabu moyoni: "Kumbe naweza peke yangu." Labda kweli aweza. Lakini duka lilianza kwa michi miwili.

NENO KWA WAZAZI NA WALIMU

Nisipoteze nafasi ya wengine gazetini. Nina maneno machache ya kumalizia.

La kwanza, ni juu ya lawama. Katika mchezo huu maadui hutafuta ni nani kati ya wawili aliyevunjika moyo, kisha humpelekea mipira yote yeye. Kwa hiyo ukimkaripia mwenzako baada ya kosa, umewaonyesha maadui pa kupiga. Ndiyo sababu utawaona wachezaji hao, baada ya kila pointi, hata mbaya, wakigusana mikono. Wengine hudhani ni mzaha. Si mzaha, ni kazi. Nawe, bwana wa nyumba, mvua ikichelewa na mke wako akawa amepanda mapema mno, mbegu zikaoza, kumbuka kwamba njaa haitamtafuta yeye peke yake. Nawe, mama, mume akiuza kahawa yake kwa bei mbaya, usilitangaze kisimani. Maneno ya nyumbani yasemwe nyumbani, tena baadaye, mioyo ikiwa imepoa.

La pili, shule. Asije mzazi akamwachisha mtoto masomo kwa sababu amesoma hapa juu ya dola elfu mia tatu. Angella mwenyewe, pamoja na kikombe cha Wimbledon, alikwenda chuo kikuu. Raketi ilimfungulia mlango, na nyuma ya mlango zilikuwa meza na vitabu. Goti huchakaa; alichojifunza mtu hubaki.

La tatu, mtoto wa pili. Shuleni tumezoea kumpigia makofi wa kwanza, na pengine tumesahau kwamba maisha mengi ya watu ni ya wawili wawili. Fundi ana saidia fundi wake. Mganga wa zahanati ana muuguzi wake. Anayepasua mbao ana mwenzake upande wa pili wa msumeno. Mtoto asiyejua kukimbia kupita wote, lakini anajua kumngoja mwenzake, kumtia moyo na kushika zamu yake bila kukumbushwa, huyo ana kipaji. Mwambie hivyo angali mdogo, maana wengi hawaambiwi kabisa.

La nne ni kwa walimu wenzangu wa zamani. Huna haja ya kiwanja cha saruji. Pima hatua 12 za urefu na 6 za upana penye ardhi iliyosawazishwa. Funga kamba katikati, kimo cha kiuno cha mtoto, ukaitundikie magunia. Chonga vibao vinne vyepesi vya mshiko mfupi, visugue vizuri visiwachome mikono, utafute na mpira laini unaodunda. Weka watoto wanne, wawili huku na wawili kule, wasichana na wavulana. Kisha wape sheria moja ambayo haimo katika vitabu vya tenisi: mmoja akikosa, mwenzake ndiye atakayesema kwanza, na aseme neno jema, akisema baya, pointi ni ya upande wa pili.

Ujaribu mwezi mmoja, uniandikie yaliyotokea. Barua zenu hunifikia hapa Kimara, nami nazisoma zote, hata zile zilizoandikwa kwa penseli.

Karani wenu, Kimara